Uso wa Kinyozi

Jumanne, 6 Mei

Mimi Joram Oyugi, kinyozi wa Nyalenda, nimenunua daftari la kurasa mia na ishirini kwa amri ya daktari. Watu wanaoandika shajara ninaowajua ni wa aina mbili: aliyeachwa na mpenzi na anayetaka ubunge. Mimi nina chunusi.

Na si chunusi za kuchekea. Zimejaa taya zote mbili, zimepanda mashavuni, na kidevuni kuna mbili kubwa zinazouma hata nikipiga mswaki. Ningekuwa fundi bomba hakuna ambaye angejali. Lakini kinyozi anainamia watu. Uso wangu na uso wa mteja hukaa karibu siku nzima.

Jumamosi mama mmoja alimleta mtoto wake. Mtoto ameshapanda kiti, nimeshamfunga kitambaa shingoni, mama akanitazama usoni, akatazama mashine, akanitazama tena. Akakifungua kitambaa mwenyewe. "Tutarudi," akasema. Wakavuka barabara, wakaingia kwa kinyozi wa ng'ambo. Niliwaona kwa macho yangu!

Debra alikuwa amesimama mlangoni. Debra ndiye mwenye duka hili la kinyozi na mwenye saluni ya wanawake iliyo upande wa pili wa ukuta. Kioo ni chake, kiti ni chake, mashine ni zake. Hakupiga kelele, na Debra asipopiga kelele ujue mambo yameharibika.

"Joram, watu wanadhani ni mashine zangu zimekufanya hivyo. Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa nane, ile wiki ya kunyoa watoto, nataka mtu mwenye uso wa kutazamika kwenye kile kiti. Akiwa ni wewe, sawa. Akiwa si wewe, sawa pia."

Sawa pia! Miaka minne nimesimama nyuma ya kile kiti. Mimi kazi nyingine sijui, na wala sitaki kujua.

Basi leo nikaenda kliniki. Daktari Nabututu, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka langoni, akanimulika uso kwa taa, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia chakula. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Akasema chunusi haziambukizi mtu, akanipa krimu, akaniamuru niandike kila kitu nitakachokula, kila siku, nirudi mwisho wa Juni.

"Usiandike ya kunifurahisha," akasema. "Andika ulichokula."

Haya. Asubuhi sikula kitu, chai tu. Mchana ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Saa kumi chai tu. Jioni ugali na omena iliyobaki.

Jumamosi, 10 Mei

Kinyozini kila mtu ni daktari. Mzee Obiero, fundi wa baiskeli, amekaa kwenye kiti changu nikimpunguza mvi, akasema ni omena. "Ile mafuta yake, kijana, inatafuta mahali pa kutokea. Inatokea kwa uso." Aliyefuata akasema ni mayai. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka saluni, kupitia ukutani, kwamba ni avokado, dada yake alikuwa hivyo hivyo. Nani alimwuliza?

Lakini hilo la mafuta ya samaki limeniingia. Kweli, mimi na samaki tumezidi.

Chai asubuhi, chai saa nne. Mchana ugali, samaki ngege wa kukaanga. Chai. Jioni chai na mkate.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeacha samaki.

Jumatano, 14 Mei

Mama amepiga simu kutoka Asembo Bay, ambako anauza samaki tangu kabla sijazaliwa. Nikamwambia nimeacha.

"Umejiunga na dhehebu gani?" akauliza.

"Si dhehebu, Mama. Ni ngozi."

"Mimi nimekula samaki miaka hamsini na nane. Ngozi yangu ina nini?"

Haina kitu. Mama yangu ana uso mwororo wa msichana. Lakini ningesemaje? Nikamwambia ni mambo ya daktari, ingawa daktari hakusema chochote kuhusu samaki. Mungu anisamehe.

Chakula: ugali na sukuma wiki mchana. Kufika saa tisa tumbo likawa linaunguruma mpaka mteja akauliza kama ni mashine. Chai na mandazi mbili zikanisaidia.

Jumanne, 20 Mei

Mvua kutwa. Wateja wawili, mmoja kutoka Ahero, anasema mpunga umezama na kuku wanalala juu ya paa. Sikula, nilikuwa na mawazo. Chai tu.

Alhamisi, 22 Mei

Lazima nimwandike Aoko, maana bila yeye shajara hii ni ya uongo.

Aoko ndiye anayetuletea chai. Anabeba chupa mbili kubwa na kikapu cha mandazi, anapita duka kwa duka, na hapa kwetu anafika mara tano kwa siku, mara sita mvua ikinyesha. Chai yake ni ya maziwa, nzito, ina tangawizi. Sukari yangu anaijua, vijiko vinne, anatia bila kuuliza, anakoroga huku anasimulia habari za mtaa mzima. Kila nikisikia sauti yake kwa fundi viatu, duka la tatu kutoka hapa, moyo wangu unaanza kujipanga.

Sijawahi kumwambia kitu. Na uso huu nitamwambia nini? Ninanunua chai. Chai ndiyo maneno yangu.

Ugali na mboga. Chai.

Jumanne, 3 Juni

Uso umezidi. Wiki tatu bila samaki, bila mayai, bila avokado, na uso umezidi! Sasa zimeshuka shingoni.

Na leo Debra ameleta mtu. Anaitwa Alamin, wa Kaloleni, kijana mtanashati, ndevu zake zimechongwa mpaka inakera. Amewekewa kiti cha zamani pale mlangoni. "Ni wa kutusaidia," Debra akasema. Kusaidia nani? Siku ya kwanza amenyoa saba, mimi watatu. Ngozi yake haina hata kidoa. Nilimchukia kabla hajafungua mkoba.

Chai tu. Sina hamu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeokoka! Shangazi Dorca, dada ya baba, amekuja kutoka Muhoroni na kikapu kichwani. Hata hakuketi. Alinishika kidevu akakigeuza huku na huku mbele ya wateja wote, nami mtu mzima.

"Nyathina, mwanangu, hii ni sukari ya dukani. Ina kemikali. Wanaiosha na madawa mpaka inakuwa nyeupe hivyo, sasa madawa inakuosha wewe."

Kikapuni mlikuwa na sukari nguru, mabonge manane ya kahawia yamefungwa kwa majani makavu ya miwa, ya kuchemshwa hukohuko kwao. "Hii si sukari," akasema. "Hii ni miwa. Kula hata mchana kutwa, haina shida."

Mbona sikufikiria hili mapema? Nimempa Aoko bonge moja awe anatia kwenye kikombe changu. Kwa kuwa si sukari, nimemwambia asibane mkono.

Jumanne, 10 Juni

Chai ya nguru ni tamu kushinda ya kawaida. Nimekunywa saba. Ninamumunya na kipande kidogo nikiwa kazini, kunipa nguvu.

Jumatano, 18 Juni

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 20 Juni

Daktari alisema niandike, basi naandika. Jicho la kushoto halifunguki vizuri kwa sababu ya jipu la kope. Kidevu ni nyanya. Mteja ninayemnyoa miaka mitatu sasa, mwalimu, leo alisema ana haraka, akaketi kusubiri foleni ya Alamin. Mwenye haraka akasubiri foleni! Nilienda nyuma nikajifanya naosha taulo. Niliosha taulo moja mara nne, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Aoko alinikuta huko na kikombe. "Kunywa, itakupa moyo." Nikanywa. Chai tu, tangu asubuhi.

Jumatatu, 30 Juni

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Nilimkabidhi Daktari Nabututu daftari nikiwa na kiburi kidogo. Wiki nane za kuandika! Samaki hakuna, mayai hakuna, sukari ya dukani hakuna. Nilitaka aone kwamba mgonjwa amefanya kazi yake, basi kama kuna kosa ni la krimu.

Alisoma. Akageuza ukurasa. Akaanza kutikisika mabega, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka.

"Joram, hii 'chai tu' ni nini?"

"Ni siku ambazo sikula, daktari."

"Hukula kitu?"

"Sikula kitu kabisa. Chai tu."

Akaweka daftari mezani, akaita muuguzi aje asikie. Kisha akauliza: vikombe vingapi? Sita pamoja na kile cha nyumbani asubuhi, siku ya mvua saba. Vijiko vingapi? Vinne. Hapo akanipa kalamu nifanye hesabu mwenyewe, mtu mzima na vidole vyangu. Sita mara nne. Vijiko ishirini na vinne! Na hiyo ni kabla ya nguru, maana nguru nilimwambia Aoko asibane. Na mandazi? Nikasema mandazi ni ya kusindikizia tu. Muuguzi akashika ukuta.

"Wewe huli ugali na kunywa chai," Daktari akasema, sasa bila kucheka. "Wewe unakula sukari na maziwa siku nzima, halafu unaonja ugali. Kwa watu wengine haina neno. Kuna mtu atakunywa hivyo mpaka uzee na uso wake safi. Lakini kwa wengine sukari nyingi na unga mweupe vinaamsha mafuta ya ngozi, na maziwa mengi yanaongezea. Kwako, nimesoma mwenyewe hapa: kila ukikata chakula unaongeza chai, na kila ukiongeza chai unaandika uso umezidi."

"Lakini nguru si sukari, daktari. Shangazi yangu..."

"Shangazi yako ananipenda mimi, ananiletea wateja. Nguru ni sukari iliyovaa koti."

"Na omena?"

"Nani alikwambia uache omena?"

Sikuwa tayari kumtaja Mzee Obiero.

Akaniagiza: krimu iendelee. Chai kama ni lazima, ya rangi, bila sukari. Mandazi iwe ya Jumapili. Nile samaki, maharagwe, njugu, mboga, matunda, ninywe maji. Nisitarajie muujiza, ngozi inataka wiki sita hata nane.

Nikahesabu njiani. Wiki nane kuanzia leo ni Agosti ishirini na tano. Shule zinafunguliwa siku hiyohiyo.

Jioni nimekula omena ya kukaanga na nyanya, na ugali wa mtama. Nilikula mpaka nikafungua mshipi. Nilimpigia Mama kumwambia nimerudi. Akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu," na kukata simu.

Jumanne, 1 Julai

Kichwa kinapasuka. Na nimemkosea Aoko.

Nilimwambia, "Aoko, kuanzia leo usinitilie sukari. Wala maziwa."

"Unasema chai yangu ndiyo imekuharibu uso?"

"Si chai, ni sukari."

"Na sukari ni nani anatia?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza, fundi viatu aliacha hata kugonga. Akachukua chupa zake akaenda.

Alhamisi, 3 Julai

Aoko amepita kwenye mlango wetu mara tano. Hajageuza shingo hata mara moja. Dengu na wali. Maji. Hasira.

Jumamosi, 5 Julai

Saa nne aliingia na chupa ya tatu, ndogo, mpya. Akanimiminia chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari, akaweka na njugu za kuchemsha ndani ya gazeti.

"Kunywa, mgonjwa wangu."

Chai ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Nikanywa yote, nikaomba nyingine. "Wangu," alisema! Nimeandika neno kwa neno.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwonea Alamin, niandike ukweli. Leo mteja alimnong'oneza, lakini kule kunong'ona kwa kusikika: "Huyu mwenzako ana nini? Haitanishika?"

"Itakushika ukinywa chai yake," Alamin akasema. "Kaa kwake, mimi nina watu watatu."

Yule mtu akakaa, nami nikamnyoa vizuri kupita nilivyowahi kumnyoa mtu. Baadaye nilimwuliza Alamin kwa nini. Akafuta mashine yake kwa spiriti taratibu.

"Kaka, nisikufiche. Kile kiti mbele ya kioo nakitaka, nina watoto wawili. Lakini nataka nikipate kwa kunyoa, si kwa chunusi zako."

Mtu akikwambia hivyo unamchukiaje tena? Nilijaribu, nikashindwa.

Jumatatu, 21 Julai

Wiki ya tatu. Mpya ni mbili tu, ndogo. Jipu la kope limeisha.

Kuna kisa: bakuli la sukari la saluni limetoweka, na soda zote zimeondolewa kwenye friji ya Debra. Nilidhani ni ubahili. Aoko ndiye aliyeniambia kwamba Debra aliwakataza wanawake wote wa saluni wasinionjeshe kitu kitamu, atakayenipa soda akatafute kazi kwingine. Na hajaniambia mimi neno! Kwangu bado ananuna vilevile.

Jumapili, 27 Julai

Matanga ya jirani. Kila mtu alikuwa ananipa pole na soda, pole na mkate. Nilikunywa tatu. Mtu atakataaje soda ya matanga?

Jumanne, 29 Julai

Ziko nne kidevuni, zimepangana. Aoko ametazama tu, akasema, "Tatu ama nne?" Nikasema tatu. "Chunusi naziona ni nne. Nimeuliza soda." Mwanamke huyu nitamwoa.

Jumamosi, 2 Agosti

Shule zimefungwa. Sangara, sukuma, ndizi mbivu.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna mpya. Hakuna hata moja! Nimejipapasa taya mara mia, ni laini. Lakini chunusi zimeacha madoa meusi, mashavu yote mawili, ukinitazama kwa mbali utadhani nimerukiwa na matope. Daktari anasema madoa yatafifia, lakini ni kazi ya miezi. Mimi nina wiki moja.

Aoko anasema hayaonekani. Debra aliingia. Alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akarudi saluni. Naogopa. Sijui nikitoka hapa nitaenda wapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimechoka hoi, lakini siku hii siwezi kuiacha ilale bila kuandikwa.

Saa mbili asubuhi foleni ilishafika kwa fundi viatu. Kina mama na watoto, watoto na kina mama. Nilikuwa nimepanga mashine, nimevaa koti jeupe, nimesimama nyuma ya kiti changu. Alamin alikuwa kwenye kile cha mlangoni.

"Karibu, anayefuata," nikasema.

Mama wa kwanza akamtazama Alamin, ambaye tayari alikuwa na mtoto, kisha akanitazama mimi. Nikaona macho yake yanahesabu madoa. "Nitamsubiri huyu," akasema. Wa pili akasema naye atasubiri. Wa tatu akajifanya anaongea kwa simu. Kiti changu kikakaa kitupu na foleni imejaa mpaka barabarani. Nilisimama pale na mashine mkononi, inanguruma, sijui niizime au niiache. Nilitamani dari inidondokee.

Debra akatoka saluni. Akaitazama foleni yote, akakitazama kiti. Nikajua yameisha. Nikaanza kufungua vifungo vya koti.

Alikuja moja kwa moja, akaketi kwenye kiti changu.

"Nyoa," akasema.

"Nikunyoe nini?"

"Kwani hapa tunanyoa nini? Kichwa. Yote."

Wanawake wa saluni walimiminika mlangoni. Nywele za Debra ndizo tangazo la ile saluni, nywele zake mwenyewe, nyeusi tii, zinafika mabegani. Mmoja akapiga ukelele, "Mama Debra, hapana, yawa!" Debra akainua mkono mmoja.

"Hawa wanaogopa mashine yangu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Wanaogopa kinyozi wangu. Basi watazame. Joram, anza, watu wanangoja."

Nikaanza. Nilinyoa huku machozi yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nywele zilianguka mapajani pake, mabegani, sakafuni. Nilimaliza shingoni, nikampaka spiriti, nikampangusa masikio. Kichwa chake ni kizuri ajabu, kimeviringana vizuri, hakina hata kovu.

Akajitazama kwenye kioo, akajipapasa kichwa chote kwa viganja viwili. Kisha akamgeukia yule mama wa kwanza.

"Mlete mtoto."

Mama akamleta. Nimenyoa watoto thelathini na mmoja.

Jioni Alamin alikuwa anafagia, Aoko anakusanya vikombe, Debra amejifunga kitambaa kwa sababu ya baridi. Nilijikaza nikamwuliza. Nilimwambia, Mama, ulisema mwezi wa nane, sasa mwezi wa nane ndio huu, niambie kuhusu kiti.

"Kiti kina nini?" akasema. "Alamin atabaki pale mlangoni, wewe pale ulipo. Kwani hiki kichwa kitanyolewa na nani?"